Mabano Yalinyamazisha Kosa, Mpangilio Ukabaki Mbovu

Nilikuwa natengeneza taarifa ya mteja: mauzo yake yote yaje kwanza, yafuatwe na bidhaa alizorudisha, kila kundi lipangwe kwa tarehe. Data zilikuwa kwenye majedwali mawili ya MySQL, programu ya hifadhidata: `mauzo` na `marejesho`. Nikaandika SELECT mbili (amri ya kusoma data), nikaziunganisha kwa UNION, na kila moja nikaipa ORDER BY yake, yaani amri ya kupanga mistari. Ikakataliwa papo hapo, kosa namba 1221: UNION na ORDER BY hazikutumika ipasavyo.

Nikafunga kila SELECT ndani ya mabano. Kosa likatoweka, taarifa ikatoka, tarehe zikaonekana zimejipanga vizuri. Nikaikabidhi kwa watumiaji.

Baada ya siku chache mhasibu akanipigia simu. "Kaka, hii ankara ya tarehe 3 mbona iko chini ya ile ya tarehe 28?"

Nilipofungua jedwali nikakuta ankara hiyo ilichelewa kuingizwa, ikaandikwa baada ya nyingine zote. Kumbe taarifa yangu haikuwahi kupangwa kwa tarehe hata mara moja. Data za majaribio nilikuwa nimeziingiza kwa kufuata tarehe, hivyo mfuatano wa kuingizwa na mfuatano wa tarehe ulikuwa kitu kimoja, nami nikadhani ni kazi ya ORDER BY. MySQL ikikuta ORDER BY ndani ya mabano ya UNION, na hakuna LIMIT (kikomo cha idadi ya mistari), inaitupa tu bila kusema neno, kwa sababu mistari inayotoka kwenye UNION haina mpangilio wowote uliohakikishwa. Kosa lenye namba angalau linakusimamisha. Hili lilipita hadi kwenye meza ya mhasibu.

ORDER BY ya kweli ni ile inayokaa mwisho kabisa, nje ya mabano, nayo hupanga matokeo yote kwa pamoja. Ila nami nilitaka mauzo yatangulie, kwa hiyo nikaongeza safuwima ya `kundi`: 1 kwa mauzo, 2 kwa marejesho.

Hapo nikakwama tena. Kwenye `marejesho` tarehe inaitwa `siku`, nami nikaandika ORDER BY kundi, siku. Nikajibiwa kwamba safuwima hiyo haijulikani. Majina ya matokeo hutoka kwenye SELECT ya kwanza peke yake. Ya pili inachangia mistari tu. Nikaweka `tarehe`, ikakubali, lakini marejesho yakaja 02/03/2024 kabla ya 15/01/2024. Aliyeunda jedwali lile alihifadhi siku kama maandishi, na maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto: 0 hutangulia 1, mwezi hauulizwi. Ikabidi niigeuze kuwa tarehe halisi kabla ya kuunganisha:

```
SELECT tarehe, maelezo, kiasi, 1 AS kundi
FROM mauzo WHERE mteja_id = 17
UNION ALL
SELECT STR_TO_DATE(siku, '%d/%m/%Y'), maelezo, kiasi, 2
FROM marejesho WHERE mteja_id = 17
ORDER BY kundi, tarehe;
```

Itazame ile ALL. Mwanzoni sikuwa nayo, na UNION ikiwa peke yake hufuta mistari inayofanana. Mteja mmoja alirudisha bidhaa ileile mara mbili siku moja, kwa kiasi kilekile, na taarifa ikaonyesha mara moja tu. Hilo si suala la mpangilio, lakini ni pesa za mtu, na nililigundua kwa sababu tu nilikuwa nahesabu mistari mmoja mmoja nikitafuta tarehe zilizoruka.

Anayetumia PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, atakuta ukali wa ziada: ORDER BY ya mwisho inakubali safuwima za matokeo, haikubali funksheni wala hesabu juu ya safuwima hizo. Ukizihitaji, iweke UNION nzima ndani ya SELECT nyingine, kisha panga huko nje. Njia hiyohiyo inakusaidia kuificha `kundi` isionekane kwa msomaji wa taarifa.

Siku hizi data zangu za majaribio zina ankara tatu nilizoziingiza makusudi kwa tarehe za nyuma, na marejesho mawili yanayofanana kila kitu isipokuwa namba ya mstari.