Bampa siyo bati: nilivyopaka rangi IST yangu mara mbili

Mwezi wa nne nilipaka rangi bampa la mbele la gari langu, Toyota IST, mwenyewe uani, nikapiga na picha nikajisifu, mwezi wa sita naosha gari hapa Sakina, Arusha, kijana akaelekeza maji ya presha kona ya kushoto, rangi ikatoka kipande kizima ukubwa wa kiganja. Chini yake plastiki nyeusi safiii, kama haijawahi kuguswa. Kijana akashtuka, "braza mi sijafanya kitu." Nikamwambia najua, wewe endelea tu.

Nilirudi nyumbani nikaanza kubandua na kucha nione imeshika wapi na haijashika wapi. Hapo ndo nikaelewa. Pale rangi ya kiwandani ilipobaki nzima, yangu ilikuwa imeng'ang'ania hata kisu hakitoi. Ila kila sehemu niliyopiga msasa mpaka nikafika kwenye plastiki yenyewe, inatoka kama ganda la kitunguu. Mi nilikuwa nimelifanya kama bati, msasa, praima ya kijivu ya kawaida (ile ya kupaka kwanza ili rangi ishike), rangi, basi. Sasa bampa ukiligeuza nyuma utakuta wamechapa herufi PP, hiyo ni polipropilini, plastiki ileile ya vile viti vya kukodi vya harusini, na ushawahi kuona rangi imekaa kwenye kiti cha harusi ikadumu?

Mzee mmoja fundi rangi nikamwonyesha, akacheka weee. "Kijana wangu, hukuweka praima ya plastiki." Ni kopo dogo, maji maji yanayoonekana kama hayana rangi, ukiambiwa bei yake unaona unaibiwa, ndo maana mara ya kwanza niliiruka.

Julai sikugusa kitu, ile baridi yetu na manyunyu rangi inachelewa kukauka, na ikichelewa kukauka kila uchafu unapata muda wa kutua. Nikasubiri mwezi wa tisa. Bampa nikalifungua lote, usijaribu kupaka likiwa kwenye gari kama una nafasi, ni klipu za juu kwenye boneti, skrubu moja kila upande kwenye uwazi wa tairi na zile za chini. Klipu tatu nikavunja, zimezeeka, nunua mpya mapema.

Af ukweli kazi kubwa ni kuosha. Sabuni ya vyombo, ile sponji ya kijani ya kusugulia sufuria, maji, unarudia. Kipimo changu: mwagia maji, yakitawanyika kama kitambaa sawa, yakijikusanya vitone vitone bado kuna mafuta au dawa ya kung'arisha, rudi. Nilirudi mara tatu. Plastiki ukiipiga msasa mkali inaota vinyweleo kama manyoya, basi mi nilianza na msasa namba 320 kwenye mikwaruzo tu, kwingine kote 600 na maji. Kufuta kwa kitambaa safi, kisha ile praima ya plastiki koti (tabaka) jepesi kabisa, halafu praima ya kawaida, 800, rangi.

Rangi ilikuwa rahisi maana gari ni nyeupe kavu, namba ya rangi 040 kwenye kile kibati cha gari, dukani wakachanganya robo. Kama yako ni ile nyeupe ya lulu, 070, nakushauri mpe fundi, ile inapigwa rangi ya chini kwanza halafu ya lulu juu yake na ukizidisha koti moja haifanani tena na mlango.

Kompresa nimeazima kwa jirani wa pancha. Nilianza saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, uwani nimemwaga maji, kuku wa jirani nimewafungia (jirani hakufurahi). Watoto nimewapeleka kwa bibi yao maana klia (ile ya juu isiyo na rangi, ya kung'aa) inachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na hewa yake ni mbaya kwa mapafu, na barakoa ya korona haisaidii hapo kabisa, inatakiwa ile ya filta mbili za makaa. Koti la kwanza la rangi jembamba, likionekana kama limekosa usijali, subiri kama dakika kumi na tano, la pili, la tatu. Kisha klia mbili kwa moja ya hadina kama kopo lilivyosema.

Nzi mdogo akatua katikati kabisa. Usimtoe! Niliacha siku tano, nikamsugua na 1500 halafu 2000 kwa maji, nikapolishi, humwoni.

Jumla nimetumia kama elfu themanini hivi pamoja na klipu, fundi alinitajia laki na nusu, ila ukihesabu na lile la mwezi wa nne sijaokoa sana. Nimeshaosha kwa presha mara nyingi tu halijabanduka. Klia moja nilizidisha ikachuruzika, lile chozi liko nyuma ya plate namba, nimeliacha hukohuko.