Siku moja kwenye miparachichi 60 iliyoitwa madume

Saa 10:30 alfajiri naamka, na cha kwanza ni vikonyo, vile vijitawi vya kupachika kwenye miti mingine. Jana jioni nilivifunga kwenye gazeti bichi nikavitia kwenye nailoni, sasa navishika kimoja kimoja nione kama vimesinyaa. Chai na ndizi za jana, mtoto nampeleka kwa bibi yake, saa 12 niko stendi ya Moshi nasubiri Hiace ya Kibosho.

Kazi yangu ni kubebesha miparachichi, yaani kupachika kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Watu wakisikia hivyo wanaona kisu na utepe. Nusu ya kazi hii ni kutazama maua, na nusu hiyo hakuna anayependa kuilipia.

Saa 1:15 nafika shambani. Mwenye shamba ni mzee mstaafu, ana miti 60 ya parachichi aina ya Hass yenye miaka sita. Inachanua hadi matawi yanabadilika rangi, lakini matunda unaweza kuyahesabu ukiwa umesimama mlangoni. Ameshaamua kwamba aliyemuuzia miche alimpa madume. Shoka limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Anza na mstari ule wa juu. Kata yote, ubebeshe upya."

Namwomba anipe mpaka jioni kabla ya kukata chochote. Jana asubuhi nilipita hapa nikafunga nyuzi nyekundu kwenye vishada vya maua yaliyokuwa wazi, na leo nataka ayaone mwenyewe. Anakubali, shingo upande.

Saa 3 ndipo maua ya Hass huanza kufunguka siku ya jua. Leo ukungu umeshuka kutoka mlimani, baridi inauma vidole, na maua yamefumba kabisa. Saa 3:30, yamefumba. Saa 4, yamefumba. Mzee anakuja na saa yake mkononi, anaondoka, anarudi. "Binti, mimi nalipa watu wa kufanya kazi." Namweleza kwamba baridi huchelewesha maua haya. Ananiambia kwao waliotangulia walikula parachichi maisha yao yote bila mtu kusimama chini ya mti kulitazama ua. Sina jibu la haraka, na miguu imeshalowa umande. Nasimama tu. Kulitazama ua lisilofunguka kunachosha kuliko kubebesha miche 100, na naandika haya ili mtu ajue.

Karibu saa 5:30 jua linatoboa, na maua mapya yanaanza. Nampa mzee kioo cha kukuzia. Kila ua lina stameni 9, ndizo za kiume, na kijiti kimoja cha kike katikati, kwa hiyo mparachichi si kama mpapai, hauna mti dume. Ila sasa stameni zimelala pembeni, hazijaachia chavua, na kile kijiti kina ncha nyeupe inayong'aa. Ua liko wazi kupokea.

"Basi hili ni jike," anasema.

"Sasa hivi ni jike, baba. Litafumba baadaye, na kesho mchana litafunguka tena likiwa dume."

Ananitazama kama niliyemtukana.

Kwa hiyo namrudisha kwenye shamba lake la mahindi. Mbelewele, lile ua la juu, kwa kawaida huanza kumwaga vumbi lake kabla ndevu hazijachomoza, sivyo? Anakubali, hilo anajua tangu utoto. Mahindi hutanguliza dume, parachichi hutanguliza jike, na sababu ni ile ile: mmea unajiwekea pengo la muda ili usijizalie wenyewe, kwa kuwa uzao wa chavua yake mwenyewe mara nyingi huwa dhaifu. Wanyama hukimbia, mti hauwezi, basi unatumia saa.

Mchana nabebesha miche yake michache kitaluni. Chakula ni mtori, kimya kimya.

Sijui ilikuwa saa ngapi hasa tuliporudi chini ya miti, labda saa 9. Maua yenye nyuzi nyekundu yako wazi. Stameni zimesimama, vifuniko vidogo vimeachia chavua ya njano, na kile kijiti cha katikati kimekwisha kazi. Mzee anageuza uzi kwa kidole, anaangalia fundo langu, anahamia mti wa pili, wa tatu, wa kumi. Yote dume. Jana asubuhi maua haya haya yalikuwa jike.

Hapo ndipo nilipomwambia kilichonileta. Hass zote duniani zimetokana na mti mmoja wa Rudolph Hass kule California, uliopewa hataza, yaani haki ya mgunduzi, mwaka 1935, kisha ukaenezwa kwa kubebesha kama ninavyofanya mimi. Miti 60 ya mzee ni mti mmoja wenye mashina 60. Inafunguka pamoja, inafumba pamoja. Matunda machache anayopata hutokana na muda mfupi katikati ya siku ambapo maua yanayofumba na yanayofunguka hukutana, nyuki wakiwahi. Anahitaji mti wa kundi B, kama Fuerte, ambao asubuhi hutoa chavua na mchana hupokea. Kila wa tatu katika kila mstari wa tatu, miti saba inamtosha, na si lazima aukate hata mmoja. Nabebesha tawi tu.

Akaonyesha kisiki kwenye mpaka. Parachichi la zamani la baba yake, alilikata miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kivuli. "Lilikuwa kundi gani?" Ningeliona likichanua ningejua. Kisiki hakisemi.

Matawi saba yalinichukua mpaka giza linaingia. Mgongo umekatika, vidole vina utomvu na mikato, na utepe wa mwisho niliufunga kwa tochi ya simu. Mzee alinilipa kwa matawi saba, pamoja na nusu siku. Ile asubuhi ya kusimama kwenye ukungu hakuihesabu, nami nilimwambia waziwazi kwamba kazi ilikuwa ile.

Hakujibu. Nilipofika barabarani nikagundua kioo changu amebaki nacho. Niligeuka nikamwona bado yuko chini ya mti wa kumi, amekishikilia jichoni, na mwanga ulikuwa umeshakwisha.