Vina vinavyocheza

Jana usiku, nyumba ilipotulia, nilivaa visikizi nikausikiliza tena «Naatu Naatu», wimbo wa filamu ya RRR ulioimbwa kwa Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, safari hii nikiwa nimefumba macho. Wengi wetu tuliujua kwanza kwa kuutazama: waigizaji Ram Charan na N. T. Rama Rao Jr. wakirusha miguu kwa pamoja mbele ya jumba la kifahari, ambalo katika hadithi liko Delhi enzi za ukoloni, ingawa picha zilipigwa Kyiv, Ukraine, mwaka 2021. Ukiyaondoa hayo yote, raha ya wimbo haipungui, nami naamini sababu yake kubwa ni lugha.

Kitelugu, kama Kiswahili, hupenda kumalizia maneno yake kwa irabu, na mtunzi wa maneno, Chandrabose, ameitumia sifa hiyo kwa ustadi unaonifurahisha kila ninaposikiliza. Ubeti wa kwanza ni mfululizo wa tashbihi za kijijini: fahali anayeruka katika vumbi la shamba, vijana waliokusanyika kivulini mwa mti, mtu anayecheza mchezo wa fimbo huku viatu vyake vikilia, mkate wa mtama uliochanganywa na achari ya pilipili. Maana ya «kama vile» katika Kitelugu hubebwa na kiambishi kinachokaa mwishoni mwa kitenzi, nacho huishia kwa «t» nzito, inayotamkwa ulimi ukiwa umekunjwa nyuma, ikifuatwa na «u». Kwa hiyo kila tashbihi inapokamilika, kina chake huangukia karibu palepale lilipo neno «naatu», lenye maana ya kitu cha kienyeji, kisichotiwa nakshi. Kiitikio kinapoingia, sikio limekwisha kukitamani.

Katika hadithi, wimbo huu ni jibu kwa Mwingereza anayewadhihaki Wahindi kuwa hawajui kucheza. Napenda sana kwamba jibu lenyewe halina hasira; vijana wawili wanaoigizwa na Ram Charan na Rama Rao wanautaja mtama na vumbi la kwao kwa furaha tupu, na sauti za Rahul Sipligunj na Kaala Bhairava zinapokezana kama za marafiki wanaochokozana njiani. Tuzo ya Oscar ya mwaka 2023 ilikuja baadaye, na ilistahili.

Mdundo alioutunga M. M. Keeravani una mapigo sita, matatu kwa matatu, mwendo uliozoeleka katika nyimbo za kienyeji za Watelugu. Aliyekua akisikia chakacha za Mombasa hahitaji kufundishwa pa kuweka mguu, kwa kuwa chakacha nayo huenda kwa sita. Jana kisigino changu kilianza kugonga sakafu kabla ubeti wa kwanza haujaisha, ikanibidi nivue kandambili nisije nikamwamsha aliyelala chumba cha pili.