Mwezi wa nne sasa sijakanyaga buchani

Sikuapa wala nini, hela tu ilibana. Shemeji akaniona akacheka: "Utakauka wewe! Protini utaitoa wapi?"

Nikapiga hesabu. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mimi nina kilo 65, basi gramu 52. Maharage makavu gramu 100 yana protini gramu 20 na ushee, na nyama mbichi nayo ni humo humo! Sema maharage yakiiva yanakuwa yamekunywa maji, kwa hiyo sahani lazima ijae.

Makande ndiyo yameniokoa. Mahindi yana upungufu wa lisini, kimojawapo cha vipande vidogo vinavyojenga protini, maharage yanayo tele. Methionini, kipande kingine, ndiyo kinyume chake. Bibi hakuyajua majina hayo, alitia tui zito akakoroga.

Wiki ya kwanza sikuloweka maharage. Mkaa uliisha, tumbo likanguruma usiku kucha.

Dagaa na mayai sijaacha lakini, maana vitamini B12 haimo kwenye maharage.

Juzi shemeji kapita jioni. Kapakua sahani mbili, ukoko kakwangua mwenyewe.