Shafti ya Kulia

Jumamosi iliyopita binti yangu alilifungua gari letu la rimoti juu ya meza ya chakula, akazichomoa shafti mbili za ekseli ya nyuma, akazifuta grisi kwa karatasi na kuzilaza sambamba juu ya gazeti. Ya kushoto, ya dukani, ilikuwa imejisokota kama kamba, na hilo halikumshangaza, kwa maana zote za dukani huishia hivyo zikikutana na mawe yetu. Iliyomshangaza ni ya kulia. Aliizungusha kati ya vidole, akapitisha ukucha juu yake kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha akauliza: "Baba, mbona hii ina kiuno, halafu kiuno chenyewe hakifiki mwisho?"

Nikamjibu kwamba umeme ulikatika.

Jibu hilo lilimtosha, kwa sababu katika nyumba yetu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, kukatika kwa umeme hueleza mambo mengi, kuanzia nguo zisizopigwa pasi hadi kazi za shule ambazo hazikukamilika. Lakini jioni ile ya Novemba 2019 umeme haukukatika. Aliyeizima mashine ni mimi.

Ile mashine ndogo ya kukereza ilikuwa na miezi mitatu tangu ishushwe kutoka kwenye buti ya basi la Dar es Salaam, kilo 40 hivi za chuma ambazo kondakta alizidai nauli kama abiria. Niliiweka stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu, na kila niliporudi kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, nilivua shati la ofisini na kuingia humo kana kwamba naingia zamu ya pili. Mke wangu alikwisha kuzoea. Majirani walidhani natengeneza vipuri vya pikipiki, nami sikujishughulisha kuwasahihisha, kwani ni vigumu kumweleza mtu mzima, akiwa na shida zake, kwamba unakesha ukichonga ekseli ya gari la rimoti.

Gari lenyewe ni la kupanda mawe, lenye ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, linalokwenda polepole kuliko mtoto anayejifunza kutembea. Difu zake zimefungwa, yaani matairi mawili ya ekseli moja huzunguka pamoja wakati wote, na hapo ndipo linapopatia uwezo wa kupanda na ndipo linapopatia balaa. Tairi moja likinasa kwenye ufa wa jiwe na jingine likiwa hewani, nguvu yote ya mota, ikiwa imekwisha kuzidishwa mara nyingi na gia, hupita katika shafti moja nyembamba kuliko penseli. Katika mawe ya Ng'ong'ona, nyuma ya Chuo Kikuu cha Dodoma, nilikuwa nimezimaliza shafti nne za dukani kwa msimu mmoja wa kiangazi. Nikaamua kuchonga za kwangu.

Chuma nilikipata kwa wauza vyuma chakavu: fimbo ya shokapu ya bodaboda, ya milimita 10, ambayo ngozi yake ya kromu ilinilia ncha mbili za kisu cha mashine kabla sijaufikia moyo wake. Kila shafti ilinichukua usiku mmoja. Pale inapopita kwenye beringi ilipaswa kuwa milimita 5 kamili, kwa kuwa tundu la beringi halibishaniwi, lakini katikati, mahali ambapo hakuna kinachoigusa, niliiacha iwe milimita 6. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa hukua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo kutoka 5 kwenda 6 unapata nguvu ya mara 1.7. Ulipokutana unene huo na ule, nilichonga kona ya mraba, kali, safi, iliyong'aa kwenye taa. Kona hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko yote. Nilimpigia simu shemeji yangu aje aione.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa na soda mkononi, wakati mzee jirani alipobisha hodi. Mzee huyu alistaafu zamani kutoka karakana ya reli Morogoro, akarudi Dodoma kwao kulima zabibu kidogo na kusikiliza redio. Mlio wa mashine ulikuwa ukimfikia ukutani kwa miezi mitatu, naye hakuwahi kuuliza chochote. Siku ile aliingia, akasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, tukampa shikamoo yake, akavaa miwani na kuichukua shafti ya kulia kutoka mkononi mwa shemeji yangu.

Hakuitazama sana. Aliipapasa. Ukucha wa kidole gumba ulitambaa juu ya ile sehemu nyembamba ya beringi hadi ulipogonga ile kona yangu, ukakwama. Akaurudisha, akaugonga tena.

"Mwanangu," alisema, "hapa ndipo itakapokukatikia."

Nilimweleza hesabu yangu ya mara 1.7. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema kwamba unene si tatizo, tatizo ni pale unene unapobadilika ghafla. Na bila kuniomba ruhusa, kama mtu anayeingia jikoni kwa mwanawe na kufunua sufuria, akakifungua kisu kutoka kwenye kishikizo chake, akachukua jiwe langu la kunolea na kuanza kuiharibu ncha yake.

Ndivyo nilivyoona wakati huo: kuiharibu. Ilikuwa ncha kali, mpya, ya tatu na ya mwisho niliyokuwa nayo, naye aliizungusha juu ya jiwe kwa mkono usiotetemeka hata ikawa duara kama ukucha wa mtoto. Akaifunga. Akaibana shafti yangu kwenye taya za mashine, ncha ya nyuma ikaishikilia, akachovya brashi katika oili na kuiwasha mashine kwa mwendo wa chini kuliko niliouzoea. Kisu kilianza pembeni ya pale beringi inapokaa, kikatambaa kuelekea kwenye kichwa cha ndani kinachoshika difu, kikatoa uzi mwembamba wa chuma uliojikunja na kuanguka bila kukatika. Mimi nilikuwa sijawahi kupata uzi kama huo. Mashine ile ile mikononi mwangu ilitema makombo. Moshi kidogo wa oili ulipanda, wenye harufu ya nywele zilizoungua. Alirudisha gurudumu, akaongeza kina, akapita tena. Kona yangu ilianza kutoweka katika mkato wa pili. Mkato wa tatu uliifanya katikati iwe sawa na sehemu ya beringi, na wa nne ukaizidi kwa wembamba, na mzee hakuwa akipima. Aliinama tu, sikio likiwa karibu na chuma kuliko jicho.

"Leo fundi kapata fundi," shemeji yangu alisema, akacheka.

Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini joto la mabati ya Novemba, siku mbili za usingizi nilizopoteza, sehemu za mia za milimita nilizozisaka kwa maikromita, na kicheko kile juu ya ndoo, vyote vilinipanda kichwani kwa pamoja. Mkato wa tano ulikuwa umefika theluthi mbili ya njia. Nilinyoosha mkono juu ya bega la mzee, nikabonyeza kitufe chekundu.

"Mzee, hiyo ni yangu. Usiniharibie."

Mashine ilizunguka mizunguko michache ya mazoea, ikanyamaza. Yeye hakugeuka mara moja. Alikirudisha kisu nyuma taratibu ili kisiache alama kwenye chuma, jambo ambalo mimi nisingelikumbuka hata nikiwa na furaha. Kisha akasema, "Haya, mwanangu." Akachukua brashi na kuzifagia zile nyuzi za chuma zote kutoka kwenye kitanda cha mashine hadi kiganjani, akaangaza kutafuta pa kuzitupa, akazitia kwenye kopo la kahawa lililokuwa dirishani. Akavua miwani, akaikunja, akamuaga shemeji yangu kwanza, kisha mimi. Alikuwa na umri wa baba yangu, naye alifagia kwanza kabla ya kufukuzika.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Sikuwa na chuma kingine, hivyo niliifunga shafti ya mzee upande wa kulia kwa shingo upande, nikaifunga yangu, nene na yenye kona yake, upande wa kushoto, nikijiambia kwamba mawe yataamua. Mawe yaliamua Januari, baada ya Jumamosi saba au nane. Ilikatika ya kushoto, na ilikatikia kwenye kona, mstari ulionyooka kana kwamba mtu ameikata kwa msumeno. Uso wa kipande kilichokatika ulikuwa wa namna mbili: sehemu kubwa laini, yenye mistari iliyofuatana kama alama za maji yanayopungua bwawani, na sehemu ndogo yenye chengachenga kama sukari. Kumbe haikukatika siku ile. Ilikuwa ikikatika tangu Jumamosi ya kwanza, kidogo kidogo, kutoka kwenye kona kuelekea ndani, na siku ile ilimalizikia tu.

Baadaye, nikisoma usiku kwa hasira ya mtu aliyeshindwa, nilikutana na habari ya treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles mwezi Mei 1842, ambayo injini yake ilivunjika ekseli ikaanguka na kuwaka moto, wakafa zaidi ya watu 50. Mwaka uliofuata mhandisi wa Uskoti, William Rankine, aliandika kuhusu ekseli za reli zilizovunjika, akaeleza kwamba ufa huanzia pale kipenyo kinapobadilika na kula chuma polepole kuelekea katikati, akashauri mahali hapo pachongwe kwa mviringo. Watu wa karakana za reli wamelijua jambo hilo kwa zaidi ya miaka 170. Nami nilimweleza mmoja wao hesabu ya mara 1.7, tena hesabu ambayo haikuwa na maana yoyote, kwani shafti yangu hata ingekuwa nene kama mchi katikati, bado ingebaki milimita 5 kwenye beringi.

Nilitaka kumwonyesha kile kipande. Nilikitia mfukoni zaidi ya mara moja. Tuliendelea kusalimiana ukutani, tukazungumza kuhusu mvua na bei ya zabibu, na kila mara ilionekana si wakati wake. Hakurudi tena stoo, wala sikumkaribisha, nikihofia kwamba kumkaribisha kungekuwa kukumbusha. Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza, alihamia Morogoro kwa binti yake. Mimi ndiye niliyempeleka stesheni na kumbebea begi. Njia nzima tulizungumza kuhusu vumbi.

Basi Jumamosi hii tumeanza kuchonga shafti mpya ya kushoto, na binti yangu anataka ifanane na ya kulia, ila kiuno kifike mwisho. Kwanza ilibidi nijue ncha ya kisu cha mzee ilikuwa na mviringo kiasi gani. Kisu chenyewe nilikinoa upya zamani, nikiirudishia ukali wake, kwa hiyo kilichobaki ni kusoma alama kilichoiacha: pale kiuno kinapopanda kukutana na kichwa cha ndani. Tulichukua mikia laini ya keekee za kutobolea chuma, mmoja baada ya mwingine, tukiulaza kwenye lile pinda na kuinua shafti kwenye taa. Wa milimita 2 ulipitisha mwanga pembeni. Wa milimita 4 ulipitisha chini yake. Wa milimita 3 ulikaa, giza tupu.

Kisha akauweka ukucha pale mkato wa tano ulipokomea, akaupitisha mbele na nyuma. Haukukwama.

"Umeme ulikatika," alisema, "lakini hakuna kona."

Nikamwambia kulikuwa na mzee jirani, yeye ndiye aliyeichonga, na kwamba umeme haukukatika. Alifikiri kidogo.

"Namba yake ya simu unayo?"

Nikasema ninayo, nikaendelea kunoa kisu.