Uzoefu Wangu: Kuijua Lamu kwa Maji na Mwezi

Anayefika Lamu na ratiba ya saa tupu huona ngome, punda na milango ya nakshi, kisha akaondoka. Mimi hupanga kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, kwa sababu mengi yaliyo nje ya Usita wa Mui, ile barabara kuu nyembamba ya ndani, hufikika au hayafikiki kwa kutegemea maji.

Hesabu ninayoitumia ni nyepesi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku za maji makubwa: maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi. Kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Tarehe 8 hivi ya mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, yanayojaa mnamo saa nne na nusu au saa tano asubuhi, tena kwa unyonge. Makadirio haya yanatosha kupangia safari. Saa ya kuondoka bandarini mwulize nahodha, naye mtajie unakokwenda, maana maji yanayotosha kwenda kijiji cha Shela hayatoshi kuingia Takwa.

Takwa ndiyo huanza nayo. Ni magofu ya mji uliokuwa kisiwani Manda hadi karne ya 17, na njia ya mashua ni hori ya mikoko, mkono mwembamba wa bahari, inayokauka maji yakitoka. Hupendelea tarehe 10 au 11 za mwezi huo wa Kiislamu, au 25 na 26, maji yanapojaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Huingia saa moja na nusu kabla ya kujaa, nikatoka kabla hayajapwa kwa muda kama huo. Kuna sababu ya pili ya kuchagua siku hizo: maji yanakuwa yakielekea bamvua, kwa hiyo mashua ikipwelewa, maji ya zamu ifuatayo kwa kawaida huwa makubwa zaidi na huinyanyua. Ukienda siku za baada ya bamvua, kila zamu inapungua, na anayepwelewa jioni anaweza kulala na mbu mikokoni. Vaa viatu vinavyokubali tope, chukua maji ya kunywa ya kutosha, na hakikisha mashua ina upondo, mti mrefu wa kuisukumia, hata kama ina injini, maana kwenye hori injini hunyanyuliwa.

Ndani ya Takwa watu wengi hupiga picha msikiti mkuu, wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kisha wakarudi. Zunguka hadi upande wa pili wa ukuta wa mji, kwenye kaburi la nguzo. Lina maandishi yenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Watu wa Shela hujihesabu kuwa asili yao ni Takwa, na bado huja kaburini hapo kuomba mvua. Basi ni mahali pa ibada: usipande juu ya kuta, wala usikalie kaburi.

Siku za bamvua ni za Shela kwa miguu. Maji yakiwa yamepwa asubuhi, ufuo kutoka mjini ni mgumu na hutembeka kwa kama dakika 45. Yakijaa, bahari hugonga kuta na sehemu ya njia humezwa, hivyo rudi kabla ya saa nane au uchukue mashua. Ukiwa Shela tazama mnara mfupi mnene wa msikiti wa Ijumaa wa 1829, uliochongoka kama pia, kisha uufuate ufuo hadi kwenye machuguu ya mchanga. Hapa ndipo majeshi ya kisiwa cha Pate na ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa yaliposhindwa na Waamu, watu wa Lamu, mnamo 1812 au 1813. Masimulizi ya Lamu yanasema walioshindwa walikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimepwelewa. Ukisimama hapo saa tano ya siku ya bamvua, unaona kwa macho jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Baada ya vita hivyo Waamu waliomba ulinzi wa Sayyid Said, mtawala wa Oman, na ngome iliyo katikati ya mji ikakamilika 1821. Ngome yenyewe haihitaji muda mrefu. Ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, na faida yake kubwa kwangu ni kupanda juu ya kuta na kuona jinsi Mkomani, mtaa wa kaskazini wa nyumba za mawe, unavyotofautiana na Langoni upande wa kusini.

Saa za jua kali huziweka kwa ajili ya nyumba. Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili yamo ndani ya Mkomani, katika nyumba ya karne ya 18, na ni madogo kiasi kwamba mtu asiyeelekezwa hutoka kwa dakika kumi. Anza kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, ingia kiwandani, yaani ua wa ndani, halafu hesabu vidato: kila chumba kinachofuata kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila hatua inaongeza faragha, hadi ndani kabisa. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu kasoro, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti imara haizidi sana urefu huo. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chunguza birika la choo: humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mwulize mhudumu kuhusu zidaka zilizochongwa ukutani, naye kwa kawaida hufungua mazungumzo yanayozidi maelezo yaliyobandikwa.

Posta ya Wajerumani, kwenye Usita wa Mui, hupitwa na wengi bila kujua. Ilifanya kazi tangu 1888 hadi 1891 kwa ajili ya biashara ya ndugu Denhardt na usultani wa Witu, ikafungwa baada ya Waingereza na Wajerumani kugawana maeneo kwa mkataba wa 1890. Nusu saa inatosha. Muda uliobaki upeleke Makumbusho ya Lamu ya ufukweni, kwenye siwa mbili, baragumu kubwa za sherehe: ya Pate ya pembe ya ndovu, na ya Lamu ya shaba.

Misikiti ni habari nyingine. Msikiti wa Pwani, karibu na ngome, hutajwa kuwa wa zamani kuliko yote mjini, wa 1370, lakini kwa nje hauna la kukuonyesha. Usiingie wowote bila ruhusa, na epuka nyakati za swala. Ijumaa usipange lolote kati ya saa sita na saa nane.

Maulidi ya Lamu yanataka mpango wa peke yake. Kilele chake ni Alhamisi ya mwisho ya Mfunguo Sita, kwenye Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, huko Langoni. Siku zinazotangulia kuna mbio za punda, mashindano ya mashua na ya bao, na ngoma za kirumbizi na goma. Kwa kuwa tarehe hufuata kuandama kwa mwezi, usinunue tiketi isiyobadilishika, na acha nafasi ya siku moja mbele na moja nyuma. Vyumba hujaa mapema, na manahodha wazuri huwa wamo mashindanoni. Kwa bahati, wiki hiyo mwezi huwa unakaribia 25 na 26, tarehe nzuri za Takwa. Basi kubaliana na nahodha mapema, na umwulize waziwazi kama siku hiyo atashindana.