Kidonda kidogo, damu nyingi

Leo kwenye utafiti wetu wa kuvuja damu tumboni tumempokea mama mmoja.

Choo cheusi tii, kinanata kama lami. Alidhani ni vile vidonge vya kuongeza damu.

Kwenye skrini ya endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya tumbo) kidonda kilikuwa kidogo mno. Ila katikati yake kulikuwa na kamshipa kakirusha damu kwa kila pigo la moyo.
Daktari akakabana kwa klipu.
Damu ikakata. Chumba kizima tukashusha pumzi.

Kumbe mama huyu anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya magoti! Dawa hizi hudhoofisha ukuta wa tumbo, na wengi hawaambiwi.

Jamani, choo kikiwa cheusi na kinanata hivyo, hospitali siku hiyohiyo.

Nani hapa anatumia dawa za maumivu kila siku? Uliwahi kuambiwa kuhusu vidonda vya tumbo? Niandikieni, nasoma zote.